Nakshi ya Karatasi: Namna ya Kuitazama, Kuikata na Kuitunza

Wasomaji wapenzi wa Kibaha na Kisarawe, swali moja limekuwa likinijia tena na tena, mara kutoka kwa mwalimu wa madarasa ya chini atakaye kulipamba darasa lake, mara kutoka kwa mama anayeandaa arusi ya bintiye, mara kutoka kwa kijana wa Mlandizi au wa Maneromango aliyeona mahali karatasi iliyokatwa ikawa nyembamba mithili ya utando wa buibui: kazi hii hutazamwaje hata mtu autambue uzuri wake, na je, asiye na chuo wala vifaa vya gharama aweza kuifanya? Maadamu swali ni moja, nimeona ni aula niwajibu nyote kwa pamoja.

Jawabu langu ni hili: katika sanaa hii jicho hufunzwa na mkono. Mtu aweza kusifu kazi ya mwingine miaka na miaka asijue anasifu nini, walakini akishakata karatasi moja tu kwa mkono wake, ikamkatikia, akakata ya pili ikasimama, huanza kuona yale ambayo hapo awali yalikuwa yakimpita mbele ya macho. Kwa hiyo nawaomba msisome makala haya mikono mitupu. Wekeni mkasi na karatasi karibu.

Tuanze na tashwishi zenu

*«Hii si kazi ya watoto?»* Watoto huianza, ni kweli, kama wanavyoanza kuimba na kuchora, lakini haiishii kwao. Henri Matisse, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, alipodhoofishwa na upasuaji mwaka 1941 aligeukia mkasi na karatasi za rangi, na mwaka 1947 kilitoka kitabu chake «Jazz», ambacho picha zake zilitokana na karatasi alizozikata. Ikiwa mtu aliyemaliza ujana wake mbele ya rangi na brashi aliuona mkasi unastahili uzee wake, sisi hatuna sababu ya kuudharau.

*«Si sanaa ya wageni?»* Wachina wameikuza karne nyingi, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza sanaa yao katika orodha ya urithi wa wanadamu, Wapoland wanayo yao, Wameksiko wanayo yao, na Waturuki wa zama za dola ya Uthmaniya waliiita kwa jina lenye asili ya Kiarabu, maana yake kukata. Nasi je? Tazameni lugha yetu: karatasi, mkasi na nakshi ni maneno tuliyoyapokea kutoka Arabuni, ilhali kukunja na kukata ni maneno yetu wenyewe ya asili. Fundi cherehani hukata kiolezo cha gazeti kabla hajaigusa kanzu. Mtoto hukata karatasi ya kishada na mkia wake. Na karatasi za rangi zilizokatwa hutundikwa kwenye kamba siku za sherehe. Sanaa haiji kwetu kama mgeni, bali inatukuta na mazoea tayari.

*«Karatasi si huchanika upesi?»* Huchanika kwa asiyejua kuitunza, na habari ya kuitunza nitaieleza huko mbele.

Vitu vya kuwa navyo

Msiende mbali. Maduka ya vifaa vya shule ya Maili Moja au ya Kisarawe mjini yanatosha kwa mwanzo huu:

- Karatasi nyeupe ya kuchapia, ile ya gramu 80, ambayo hukunjika mara tatu pasipo kushindana na mkasi.
- Manila moja ya rangi nzito, nyeusi au buluu, ya kuwekea kazi iliyokwisha ili nakshi idhihiri.
- Mkasi mdogo wenye ncha kali, ambao haujatumika kukatia nguo nene au nywele.
- Penseli laini na kifutio.
- Kibanio cha karatasi, ili mikunjo isiteleze.
- Kitabu kizito cha kukandamizia.

Msitumie manila kwa kazi ya kukunja: ikikunjwa mara tatu huwa nene kama ubao mwembamba, mkasi huitafuna badala ya kuikata, na anayeanza hudhani mkono wake ndio wenye kasoro. Karatasi ya gazeti nayo ifanywe ya mazoezi tu, kwani hugeuka rangi ya manjano baada ya muda mfupi.

Karatasi ya kwanza, hatua kwa hatua

Nimechagua nakshi ya pande nane, kwa kuwa hukunjika kwa urahisi na humlipa mtu taabu yake upesi.

1. *Pata mraba.* Karatasi ya kawaida ina sentimita 21 kwa 29.7. Leta pembe moja ya juu hadi ukingo wa upande wa pili, ukate kipande kinachobaki chini. Utabaki na mraba wa sentimita 21, na ukanda wa sentimita 8.7 ambao usiutupe, kwani utakufaa kwa mazoezi.
2. *Kunja mara tatu.* Kunja mraba kutoka pembe hadi pembe upate pembetatu. Kutanisha pembe zake mbili kali, ukunje tena. Kisha kutanisha tena pembe mbili kali, ukunje mara ya tatu. Kila mkunjo uupitishie ukucha. Sasa unazo tabaka nane.
3. *Jua mahali ulipo.* Pembetatu hiyo ina pande tatu: mbili ni mikunjo mitupu na mmoja uko wazi. Pembe ambapo mikunjo miwili hukutana ndiyo moyo wa karatasi. Upande ulio wazi ndio ukingo wake wa nje. Asiyejua hili hukata moyo akidhani anakata pindo.
4. *Chora nusu, si nzima.* Umbo likichorwa nusu juu ya mkunjo, hufunguka likawa kamili. Nusu ya jani juu ya mkunjo mrefu itakupa majani manne yanayoelekea pembe za mraba; nusu ya jani juu ya mkunjo mfupi itakupa manne yanayoelekea katikati ya pande.
5. *Tia kivuli panapoondoka.* Paka penseli kila sehemu itakayokatwa. Kisha tazama sehemu nyeupe zilizosalia: je, zote zimeshikana? Kama kuna iliyo peke yake kama kisiwa, itaanguka. Rekebisha sasa, ungali na kifutio.
6. *Kata vidogo kwanza, vikubwa baadaye.* Anza karibu na moyo, ukimalizia ukingo wa nje, maana karatasi iliyokwisha kutobolewa sana huwa dhaifu haishiki mkono.
7. *Fungua taratibu.* Usivute. Ingiza ncha ya kidole baina ya tabaka, ufungue mkunjo mmoja mmoja, kisha ulaze kazi ndani ya kitabu kizito usiku mmoja.

Kwa umbo la kwanza, tokeni nje mkachume jani la muhogo. Jani hilo, ambalo kila nyumba ya Pwani inalijua kwa kisamvu chake, lina vidole vilivyotengana wazi na umbo linalogawanyika sawia katikati, kana kwamba limeumbwa kwa ajili ya mkasi. Likunjeni nusu, liwekeni juu ya mkunjo wa karatasi, mlizungushie penseli. Mkishaliweza, jaribuni jani la mpapai, ambalo ni gumu zaidi kwa wingi wa meno yake.

Siri ya daraja

Neno moja nataka mlichukue hata mkisahau mengine yote, nalo ni daraja. Daraja naliita ule ukanda mwembamba wa karatasi unaobaki baina ya tundu na tundu, ambao pasipo huo nakshi yote ingekuwa takataka sakafuni. Anayeanza hutazama matundu, kwa kuwa ndiyo anayoyakata. Fundi hutazama madaraja, kwa kuwa ndiyo anayoyaacha.

Kanuni ninazowapa ni tatu:

- Daraja lisipungue milimita tatu mpaka mkono wako uzoee.
- Katika kila upande wa mkunjo, acha angalau theluthi moja bila kuguswa.
- Tundu kubwa lishikwe na madaraja zaidi ya moja, wala yasiwe yote upande mmoja.

Wenye kanga ndani, itandazeni mkaitazame. Kanga ina pindo linaloizunguka na mji ulio katikati, na pindo ndilo linaloufanya mji uonekane kuwa mji. Vivyo hivyo karatasi yako: acha ukanda wa upana wa kidole ukingoni, uukate nakshi ndogondogo tu, kisha katikati uweke umbo lako kubwa. Wengi hushindwa kwa kuufanya mji na pindo vishindane kelele, jicho likakosa pa kupumzika.

Makosa yanayorudiwa

- *Kuuzungusha mkasi badala ya karatasi.* Mkasi ukae, karatasi izunguke. Mkono wenye mkasi ufungue na kufunga tu. Mkono wa pili ndio unaoendesha kazi.
- *Kukata kwa ncha peke yake.* Ncha ni ya kumalizia pembe. Mstari mrefu hukatwa kwa sehemu ya ndani ya makali, karibu na msumari wa mkasi, ambako kuna nguvu na uthabiti.
- *Kung'oa kipande kisichokatika.* Ukikivuta kitaacha manyoya na ufa. Rudi ukate kutoka upande wa pili hadi mistari miwili ikutane.
- *Kukunja mara nne au tano kwa tamaa ya nakshi nyingi.* Tabaka 16 huteleza, na la ndani halifanani na la nje. Mikunjo mitatu yatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza.
- *Kutupa karatasi iliyoharibika.* Ihifadhi. Tafuta ilipokatika, utaona daraja lililokuwa jembamba mno. Karatasi kumi zilizoharibika zikichunguzwa ni madarasa kumi.
- *Mwenye mkono wa kushoto kulazimishwa.* Mkasi wa kawaida humfichia mstari. Apewe unaomfaa, au achore mstari mzito na akate kwa nje yake, kisha arudie kusawazisha. Asiambiwe kamwe kuwa mkono wake ni mbovu.

Wembe na hadhari zake

Baadhi yenu mmeniuliza habari za wembe, kwa kuwa mkasi hauingii tundu lililo mbali na mkunjo. Ni kweli, wembe hufanya kazi ambayo mkasi hauiwezi, lakini sharti uheshimiwe:

- Usiuguse kabla hujakata kwa mkasi walau karatasi ishirini.
- Funga upande mmoja kwa utepe mnene wa gundi, au tumia kisu kidogo chenye mpini.
- Weka chini boksi nene au ubao laini. Usikatie juu ya goti, wala juu ya mkeka, utauharibu mkeka na mguu kwa pamoja.
- Vidole vya mkono wa pili vikae nyuma ya makali, kamwe visikae mbele yake.
- Badilisha wembe ukianza kukwaruza. Wembe butu huhitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza.
- Nyembe zilizokwisha zitie ndani ya kopo lenye kifuniko. Usizitupe jaani, ambako watoto hupita pekupeku.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, wembe haufai kabisa.

Namna ya kuitazama kazi ya mwenzako

Sasa mkiwa mmekata, mnaweza kutazama. Msiseme upesi «nzuri» au «mbaya». Fuateni utaratibu huu, ambao hauchukui hata dakika tano:

1. *Itazame kwa mbali kwanza,* hatua tatu nyuma. Je, umbo linajulikana? Kazi ambayo haisomeki kwa mbali haikombolewi na wingi wa matundu yake.
2. *Inyanyue mbele ya dirisha.* Mwanga ukipita utaona kila ufa, kila unyoya, kila mahali ambapo gundi imeficha mkato uliokosewa.
3. *Hesabu madaraja.* Je, yana sababu ya kuwapo pale, au yamebandikwa ovyo ili tu kazi isianguke? Katika kazi ya ustadi daraja hujificha ndani ya umbo: huwa kikonyo cha jani, mkia wa ndege, mshipa wa ua.
4. *Fuata mviringo mmoja kwa jicho.* Ukiwa laini pasipo kona ndogondogo, jua mkono haukusita.
5. *Tazama kilichoachwa.* Jiulize ni nini fundi alikuwa na uwezo wa kukikata, naye akajizuia.

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Huku Uzaramoni tunaye mwalimu wa tangu zamani katika jambo hilo, naye ni uchongaji wa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti kihusianacho na unyago wa mwali. Mchongaji hakuweka mikono wala miguu. Aliacha kiwiliwili, kifua, kichwa na kishungi cha nywele, na hayo machache yakatosha kumsimamisha mtu mzima mbele yetu. Atakaye kujua maana ya kujizuia katika sanaa na akitazame kinyago hicho kwa utulivu, kisha arudi kwenye karatasi yake.

Ukinunua au ukiagiza

Siku hizi zipo kazi zinazokatwa kwa mashine, na wengi huuliza watazitofautishaje. Mashine ya miale ya leza mara nyingi huacha ukingo wenye rangi ya hudhurungi kama ulioungua kidogo, na nakala zake hufanana zote kwa kila hali. Mkono huacha tofauti ndogo: jani moja nene kuliko la pili, mviringo unaopumua. Kazi ya mashine si haramu, nayo yafaa kwa kadi mia tano za arusi. Lakini haki ni kwamba muuzaji aseme ukweli, na mnunuzi asilipe bei ya mkono kwa kazi ya mashine, wala asidai bei ya mashine kwa kazi ya mkono.

Mkiagiza mapambo ya arusi, semeni mapema ukubwa, rangi na siku, mkampe fundi nafasi ya kutosha. Mwulizeni imemchukua saa ngapi kukata kipande kimoja. Bei iliyojengwa juu ya saa za kazi haimdhulumu yeyote.

Kuhifadhi katika hewa yetu

Adui wa karatasi huku kwetu ni unyevu, jua na wadudu. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli baada yake, huifanya karatasi ilegee na kujikunja, hasa katika nyumba zilizozungukwa na miti kama zile za vilima vya Kisarawe. Fanyeni hivi:

- Laza kazi baina ya karatasi mbili safi nyeupe, ndani ya kitabu, kabatini, mbali na ukuta wa nje.
- Usitundike panapopigwa na jua la moja kwa moja. Karatasi za rangi hupauka.
- Gundi itiwe kwa nukta, mahali pachache, wala isipakwe nyuma yote. Uji wa unga huvutia mende, kwa hiyo utumike kwa mapambo ya siku moja tu.
- Utepe wa gundi wa plastiki usiguse kazi mnayotaka idumu. Hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka.
- Mkitia ndani ya fremu, kioo kisiigandamize karatasi. Wekeni vipande vyembamba vya manila kwenye pembe ili hewa ipite.
- Kagueni kila baada ya mvua. Mchwa hawangoji mwaliko.

Kwa walimu na wazazi

Hans Christian Andersen, msimulizi wa Denmark aliyeishi kati ya 1805 na 1875, alikuwa na ada ya kukata karatasi huku akiwasimulia watu hadithi, na mwishoni huifungua wakaona alichokikata. Denmark ilikuwa miongoni mwa nchi za kaskazini mwa Ulaya zilizoshirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha elimu cha Kibaha katika miaka ya 1960, kituo kilichokabidhiwa kwa nchi yetu mwaka 1970. Basi si ajabu nikitamani ada hiyo nayo ifike katika madarasa ya Tumbi na jirani zake. Nasi tunazo ngano zetu. Mwalimu na aseme «Paukwa», watoto waitikie «Pakawa», na sungura akatwe wakati fisi anaingia hadithini.

Mambo matatu tu nawasihi:

- Msimalizie mtoto kazi yake kwa mkono wenu ili ipendeze, mtakuwa mmemwibia.
- Msizitundike zilizo bora pekee ukutani. Tundikeni zote kwa muda, kisha mmwulize kila mtoto atajirekebisha wapi.
- Mabaki yakusanywe na mtoto mwenyewe. Unadhifu ni sehemu ya ustadi.

Neno la mwisho

Msingoje kuwa mafundi ndipo muanze, wala msingoje vifaa vizuri kuliko hivi. Leo jioni, baada ya kazi, chukueni karatasi moja, ikunjeni mara tatu, kateni jani moja la muhogo, mkalifungue mbele ya taa. Likikatika, tafuteni daraja lililokosekana, mkate la pili. Likisimama, mwonyesheni aliye karibu nanyi namna mlivyolikunja, ili mkono wake nao uanze kulifunza jicho lake.